Mbuzi Wasiokuwepo Mikese

18 Novemba 1996, Mikese

Leo nimeanza kazi. Niiandike wazi humu, maana sitaisema mahali pengine popote: kazi yenyewe ni kupima nguruwe.

Mimi Mwinshehe, niliyekuwa karani wa stoo wa kiwanda cha nguo miaka kumi na saba. Kiwanda kikauzwa, aliyenunua akauza mashine, akafunga geti. Tangu hapo nimekaa miezi kumi na minne kwenye baraza ya mke wangu. Naam, ya mke wangu. Kiwanja chetu cha Kilakala, mjini, ni cha ukoo wa mama yake Mwaisha, na mwenye sauti pale ni mjomba wake, Mzee Yunusi. Sisi Waluguru tunajuana: mwanamume anayekaa kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe halafu hana kazi, hata akikohoa anaambiwa anapiga kelele.

Mtafiti mwenyewe, Daktari Benedikto, hakunificha kitu. "Unajua kwamba ni nguruwe?" Nikasema najua. "Na dini yako je?" Nikamwambia dini yangu imeniwekea maji na udongo wa kujisafishia, na watoto wangu wanataka kula. Akaniandika.

Wako ishirini na wanne. Kumi na wawili weupe, wa kizungu, wanene kama wenye viwanda. Kumi na wawili weusi wa kienyeji, pua ndefu, mgongo umechongoka. Wote wana banda la namna moja, pumba zile zile, maji kwa kipimo kimoja. Daktari anataka kujua nani atakua na nani atashindwa akiwekwa kwenye joto na chakula hafifu kama cha mfugaji wa kawaida. Kila Jumatatu nawapima uzito. Kila siku, isipokuwa Jumapili, saa nane mchana nasimama na saa mkononi, nahesabu mbavu zinavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Nitalala huku huku. Nyumbani nitakwenda Jumamosi jioni na kurudi Jumapili.

Mwaisha nimemwambia ni mradi wa mbuzi.

19 Novemba

Weupe pumzi 88. Weusi 41. Nimeosha mikono na miguu mara saba, ya kwanza kwa udongo. Mabuti nayo.

24 Novemba, Kilakala

Mwaisha amepika wali na samaki, kisha ameniita "baba Shadya" kwa sauti ambayo sijaisikia mwaka mzima. Mjomba Yunusi akauliza ni mbuzi wa aina gani. Nikajibu wa kienyeji na wa kizungu, tunalinganisha. Hapo sikudanganya, ila mnyama tu.

Kabla chai haijapoa, jirani yetu Kondo kaingia anaburura mbuzi wake aliyevimba tumbo kama ngoma. "Mtaalamu, nitazamie." Mtaalamu! Nikakumbuka mama mmoja enzi za utoto wangu alivyokuwa akifanya, nikasema anywe mafuta ya kula nusu chupa, kisha atembezwe. Mbuzi akapona. Bora angekufa, maana sasa mtaa mzima una daktari.

2 Desemba

Niseme kidogo juu ya Yuliana, ninayefanya naye kazi. Ni Mluguru mwenzangu, ila wa Mgeta kule juu, Mkatoliki, mjane wa miaka hamsini na kitu. Amefuga nguruwe tangu msichana. Mdomo haufungi. "Shehe, shika mguu wa nyuma, hakuumi huyo, anakusalimia." "Shehe, mbona unampima kama unapima bomu?" Nampa shikamoo kwa kuwa umri unanilazimisha, basi.

Uzito: weupe wameongezeka kidogo sana. Weusi pia kidogo.

3 Desemba

Yuliana tena. Simwezi mtu anayecheka peke yake.

9 Desemba

Vuli imegoma. Mawingu yanakusanyika juu ya Uluguru tunayaona, halafu yanabaki kule kule. Huku chini vumbi tupu. Weupe pumzi 104, ngozi ya masikio imeanza kubabuka kwa jua. Yuliana anawapaka tope. Weusi wanachimba shimo kwa pua, wanalala ndani, wanasubiri jioni ndipo wale.

15 Desemba, Kilakala

Nimebanwa. Jana msikitini Kondo ametangaza habari za mbuzi wake kana kwamba nimemfufua. Wazee watatu wamenishika mkono, wanataka mbegu ya beberu la kizungu. Mjomba Yunusi akakamilisha mambo mbele ya watu: "Idi hii inayokuja tutachinja mbuzi wa mkwe wangu." Mwaisha akatabasamu. Anafurahi kwa ajili yangu, na mimi pale natamani ardhi ipasuke.

Nimejaribu kumwambia usiku uleule. Nikaanza, "Mama Shadya, wale mbuzi..." Akasema, "Usijali, hata kama ni mdogo, Mjomba hatatazama ukubwa." Nikazima taa. Mimi mwoga, niliandike hilo pia.

20 Desemba

Yuliana ameniuliza mama yangu ni wa ukoo gani. Nikamtajia. Akaweka ndoo chini. "Mbona ndio wetu? Bibi yako si alitoka Mgeta akaolewa Mkuyuni?" Tumehesabu majina ya wanawake, mmoja baada ya mwingine, mpaka yakakutana. Kwa hesabu ya ukoo Yuliana ni mama yangu mdogo.

"Haya, niamkie sasa, lakini uniamkie kama mama."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na mkwe wangu yuko wapi? Nitaonwaje mimi, sijawahi kumsalimia mke wa mtoto wetu?"

Nikamwelekeza kijinga tu, bila kufikiri: Kilakala, nyuma ya shule ya wasichana, uliza Mwaisha anayeuza vitafunio.

25 Desemba

Krismasi. Yuliana yuko kanisani, Daktari yuko kwao. Saa nne asubuhi yule jike mweusi namba tisa, aliyekuja na mimba, akaanza kukusanya majani. Nikajua anataka kuzaa, Yuliana alishaniambia dalili hiyo. Nilikimbia mpaka barabarani kutafuta mtu, nikakuta magari yanapita tu kwenda Dar, hayasimami. Nikarudi.

Sijawahi kuogopa namna hiyo tangu siku ya geti la kiwanda. Nikavaa glavu, nikasema bismillahi, halafu nikajiuliza kama inafaa kuisema hapa, nikaisema tena kimoyomoyo. Walitoka sita, mmoja mmoja, wamelowa, wanatafuta chuchu wenyewe macho yamefumba. Wa saba akatoka amelegea. Hapumui. Ningeweza kumwandika "amekufa" na kazi ikaisha. Nilimfuta mdomo kwa gunia, nikamshika miguu ya nyuma, nikamzungusha huku na huku, nikamsugua mgongo. Nikamzungusha tena. Akakohoa kitu kama kamasi, akalia.

Nilikaa chini kwenye majani, nalia mimi, mtu mzima. Sijui nilikuwa namlilia nani.

Yuliana aliporudi na gauni lake la sikukuu akawahesabu. Akaniangalia muda mrefu. Hakuniita Shehe.

6 Januari 1997

Mmoja mweupe amekufa kwa joto saa tisa mchana. Pumzi nilizohesabu mara ya mwisho ni 131. Kisima kimeshuka, tunateka matope. Daktari amepunguza maji ya wote kwa usawa. Weusi wanakunywa, wananyamaza. Weupe wanapiga vichwa ukutani.

11 Januari

Mwezi umeandama. Nimefunga. Kuhesabu pumzi za mnyama mwenye kiu saa nane mchana nawe una kiu ni kazi ambayo hakuna mtu angeitunga.

14 Januari

Maji ya kujiosha mara saba yananiumiza roho, kisima kikiwa hivi. Leo nimekuta ndoo imefunikwa nyuma ya kibanda changu, imejaa. Yuliana ameteka alfajiri kisima kilipojaa kidogo. Nimemuuliza kwa nini. "Wewe mtoto wangu unasali. Ningekuacha uende mbele za Mungu na kinyesi cha nguruwe?" Na nimegundua kwamba hali chakula mbele yangu mchana, anajificha na kiporo chake nyuma ya stoo. Mwezi mzima uliopita nilimwona mshamba. Nimejionea haya.

19 Januari, Kilakala

Mjomba ameuliza beberu letu la Idi lina rangi gani. Nikasema jeusi.

20 Januari

Joto. Sina la kuandika.

26 Januari, Kilakala, kisha Mikese

Niandike yote kwa mfululizo, nisije nikajipendelea.

Jumapili jioni, kama saa kumi na moja. Mwaisha yuko nje na karai, anakaanga kalimati za kuuza, watu wa futari wamemzunguka. Kondo yupo na bakuli lake. Mjomba Yunusi yuko barazani na tasbihi. Mimi nakata tende, nimepumzika kidogo moyoni. Nikamwona Yuliana anapinda kona na kikapu kichwani.

Alikuwa anatoka kwao Mgeta, anarudi Mikese, akaona asipite mjini bila kumsalimia mkwe. Kwa mila yetu hana kosa hata chembe. Mimi sikuwa nimemwambia kwamba nyumbani nina mbuzi. Ningemwambiaje mtu aliyenitekea maji kwamba namkana yeye na wanyama wake kila Jumamosi?

"Hodi wenyewe. Mkwe wangu ni yupi hapa?"

Mwaisha alijifuta mikono, akapiga goti kidogo, akapokea kikapu kwa mikono miwili. Viazi, karoti, njegere za Mgeta. Akatoa kigoda. Yuliana akajitambulisha, ukoo na kila kitu, na Mjomba Yunusi akamwamkia vizuri tu, maana ukoo ni ukoo, msalaba shingoni au tasbihi mkononi. Nilimkonyeza Yuliana. Akadhani kuna kitu kimeingia jichoni mwangu.

"Mkwe, mume unaye. Huyu mtoto ana mkono. Siku ya Krismasi mimi niko kanisani, jike limeanza uchungu, yeye peke yake kapokea watoto saba. Wa mwisho amekwisha kufa, kamzungusha mpaka kalia."

Kondo akageuka na bakuli lake. "Mama, mbuzi azae saba?"

Yuliana akacheka kwa nafasi. "Mbuzi gani tena, baba? Nguruwe."

Mafuta ya karai tu ndiyo yaliyokuwa yanaongea. Yuliana akanitazama, akamtazama Mwaisha, na nikaona uso wake unavyoelewa polepole. Kondo akaanza kurudisha kalimati kwenye sinia, moja moja, kama mtu anayehesabu. Mama mwingine naye akarudisha. Mwaisha alikuwa anazitazama zinavyorudi.

Mjomba Yunusi hakupandisha sauti. Hilo ndilo baya kwake, hapandishi. "Mwinshehe, umekuwa unakaa kwenye mkeka wangu, unatia mkono kwenye sinia moja na mimi."

"Najitwahirisha, Mjomba. Mara saba, kwa udongo. Wallahi siku hata moja sijaacha."

"Sikukuuliza habari za udongo. Ulisema mbuzi." Akasimama. "Ukitoka leo, usivuke tena kizingiti cha nyumba hii mpaka uwe umeacha kazi hiyo. Nakupa mpaka Idi. Idi ikipita hujaacha, basi, ukoo utamtafutia mtoto wetu namna nyingine ya kuishi."

Namna nyingine ya kuishi. Miaka kumi na tisa ya ndoa.

Mwaisha alinifuata nyuma ya nyumba, unga mikononi. Nilifikiri atanitetea. "Ungewadanganya wao, ningekusaidia kudanganya," alisema. "Ningeapa ni mbuzi, ningewapa hata majina. Lakini mimi? Kalimati zangu zimerudishwa leo na mimi ndiye wa mwisho kujua kwa nini." Nikajaribu kumshika mkono. Akautoa. Sijui aliutoa kwa sababu ya nguruwe au kwa sababu yangu.

Nimefuturu kwa maji ya bombani stendi. Nimerudi Mikese juu ya lori la mkaa lililokuwa linakwenda Dar, na Yuliana kakaa mbele kwa dereva.

27 Januari

Yuliana amenitolea uvivu asubuhi kabla ya kupima. "Umenifanya mshenzi mbele ya mkwe wangu. Nimebeba viazi kutoka Mgeta kwenda kukuvunjia nyumba." Nikamwomba radhi. Akasema radhi atanipa, lakini leo ana hasira, nimwache. Maji ya kujiosha ameyateka kama kawaida.

28 Januari

Weupe 118. Weusi 52.

29 Januari

Weupe 121. Weusi 52.

31 Januari

Sijaenda msikitini Mikese. Habari zinasafiri kwa lori kama mimi.

3 Februari

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mistari minne, mwandiko wangu wa stoo, safi kabisa. Nimempelekea Daktari Benedikto akiwa anasoma madaftari. Kabla sijaitoa mfukoni akaanza kunionyesha. Weupe waliobaki wana uzito mdogo kuliko wa Novemba. Weusi hawajanenepa, mtu asidanganyike, hata aliyefika miezi sita bado unambeba kwapani. Lakini kila wiki wameongeza kidogo, hata wiki ya matope. "Na ukweli ni kwamba kwenye banda zuri, lenye maji na chakula cha kutosha, weupe wangewaacha mbali," akasema. "Ndiyo maana tunahitaji takwimu mpaka mwisho wa Aprili, zilizopimwa na jicho moja. Ukiondoka sasa, naanza upya."

Mjini hakuna kazi. Nimezunguka miezi kumi na minne, nayajua mageti yote. Shadya yuko kidato cha pili, mdogo wake Abdulswamad ameanza la kwanza. Nikiacha, narudi kwenye baraza ya Mjomba, nakohoa kwa ruhusa. Nisipoacha, sina baraza. Barua imerudi mfukoni. Nimekaa nikiwatazama wale weusi shimoni mwao, nikaanza kujifananisha nao, nikajikemea. Wao hawakumdanganya mtu.

5 Februari

Mwaisha hajaleta salamu. Wiki nzima madereva wa lori nawauliza.

8 Februari

Yuliana amenifulia kanzu. Ameniuliza kesho nitakwenda wapi. Nikasema nitaswali mjini, nitawapa watoto zawadi zao pale nje, nitarudi. Akasema, "Na kazi?" Nikasema sijaacha. Akaniambia basi nikaseme hivyo hivyo, nisiongeze neno wala kupunguza.

9 Februari, Idi

Nimeswali safu ya nyuma kabisa. Kisha nikatembea mpaka Kilakala. Jua kali, hakuna wingu hata juu ya mlima. Nikasimama uani, mbali na mlango, nikapiga hodi kwenye nyumba niliyoipiga bati mwenyewe.

Mjomba Yunusi alikuwa ndani, mkabala na mlango, juu ya kiti chake. "Umeacha?"

"Sijaacha, Mjomba. Idi mubarak."

"Basi unajua."

"Najua."

Nikamwita Shadya, nikampa kitambaa chake cha gauni. Abdulswamad nikampa viatu, na vimembana, nimesahau kwamba watoto hukua. Mwaisha alitokea nyuma yao, amevaa khanga mpya, hakunisalimia. Nikageuka kuondoka. Nilikuwa nimefika kwenye mpapai.

"Subiri," akasema.

Aliingia ndani akatoka na mkeka. Akautandika uani, kwenye jua, hapakuwa na kivuli saa ile. Akarudi tena ndani, akatoka na mtungi wa maji, kisha na sinia la pilau ya kuku, limejaa. Sahani ya Mjomba alikuwa amekwisha kuitenga ndani, imefunikwa, kwa heshima zote. Akaweka sinia katikati ya mkeka, akakaa.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa. Shadya akaja akakaa. Abdulswamad akavua viatu, akakaa. Mwaisha akaniwekea paja la kuku upande wangu, mkono wake ukatumbukia kwenye sinia pamoja na wangu, akala. Hajanitazama bado. "Nguruwe sijakusamehe na mbuzi sijakusamehe," akasema polepole, anatafuna. "Lakini hii ni Idi, na wewe ndiye uliyeleta pesa ya mchele."

Sauti ya Mjomba ikatoka ndani. "Mwaisha. Siku ya sikukuu mnakula nje kama ombaomba?"

"Umesema asivuke kizingiti, Mjomba. Hajavuka."

Watu walikuwa wanapita na kanzu zao wakienda kusalimiana, wanapunguza mwendo, wanatutazama. Mwaisha anawajibu kila mmoja, "Idi mubarak, karibuni," kwa sauti ya kawaida kabisa, na jasho linamtiririka usoni. Wengi walipita. Mama mmoja aliyekuwa amerudisha kalimati siku ile alisimama, akachukua tonge moja kwa kuinama, akaenda zake.

Ndani kijiko kimoja kinagonga sahani. Halafu hata kijiko kikanyamaza, tukasikia Mjomba anakohoa, pilipili ya Mwaisha si ya mchezo. Akaita maji. Shadya akamtazama mama yake. Mama yake akaendelea kula.

Mjomba akaita mara ya pili. Kisha tukasikia kiti, na ndara zake, na akatokea mlangoni na kikombe kitupu mkononi, macho yanamtoka machozi ya pilipili.

"Mtungi uko huku nje, Mjomba," Mwaisha akasema, akasogea kumpa nafasi kwenye mkeka. "Karibu."